Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Deni la Nani?

Mwaka 2024 mimi na mume wangu tulifikia hatua ya kuomba mkopo wa nyumba. Kwa familia iliyoingia Marekani kwa mpango wa wakimbizi na kuanzia maisha Kentucky kwenye apatimenti ya vyumba viwili, hiyo haikuwa hatua ndogo. Tulikuwa tumeweka akiba, kodi ya pango tumelipa kwa wakati, na kadi hazikuwa na deni. Afisa mikopo, mama mmoja mpole sana, alivuta ripoti zetu za mikopo, yaani kumbukumbu za jinsi mtu anavyolipa madeni yake, kisha akanipigia simu. Kwenye ripoti yangu kulikuwa na deni la matibabu lililopelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, dola 1,412. Zaidi ya hapo hakujua. Sheria inaficha jina la mtoa huduma ili mkopeshaji asijue mtu aliugua nini, kwa hiyo kilichoonekana ni jina la mkusanya madeni tu.

Nikampigia mkusanya madeni. Kijana aliyepokea akataka kwanza nithibitishe jina na tarehe ya kuzaliwa. Nikamtajia: mosi Januari, na mwaka. Akasema, "Sawa, ni wewe. Ni bili ya ambulensi."

Sijawahi kubebwa na ambulensi tangu nifike nchi hii. Nazijua kwa upande mwingine: nahudumia wazee katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na mzee akizidiwa ni sisi tunaofungua mlango na kuwaongoza wahudumu wa dharura hadi kitandani. Hata usiku wa uchungu wa mtoto wetu wa mwisho, mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari letu. Nilimweleza yule kijana hayo yote. Akanijibu kwamba mfumo unaonyesha ni mimi, akauliza kama ningependa kulipa kwa kadi.

Afisa mikopo naye alinipa ushauri ambao kwa hesabu ya haraka ulikuwa mzuri. Tangu Julai 2022, kampuni tatu kubwa zinazotunza ripoti za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, hufuta deni la matibabu lililofika kwa wakusanya madeni mara likishalipwa. Tangu Aprili 2023 zimeondoa pia madeni ya aina hiyo yaliyoanza chini ya dola 500. Langu lilikuwa juu ya hapo, ndiyo maana lilionekana. Nikililipa litatoka, alama zangu za mikopo zitapanda, mkopo utaendelea.

Nyumbani walisema vilevile. Mchungaji wetu, ambaye namheshimu kama baba yangu, aliniambia, "Binti yangu, dawa ya deni ni kulipa. Hawa watu hawana mchezo na madeni. Lipa yaishe." Mama yangu aliogopa kwamba kubishana na ofisi kutaharibu maombi yake ya uraia, ingawa mambo hayo hayahusiani kabisa. Hofu ya mama naielewa. Mtu aliyeishi kambini miaka mingi ameshaona kwamba karatasi ikikosewa anayeumia ni mwenye jina, na anayebishana dirishani hurudishwa mwisho wa foleni.

Fedha tulikuwa nazo kwenye ile akiba. Kilichonizuia kulipa ni penisilini.

Nina mzio wa penisilini. Niliujua nikiwa msichana katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilipochomwa sindano ya homa nikavimba midomo na koo hadi nikashindwa kuongea. Tangu hapo, kila hospitali ninayofika naandikisha mzio huo kabla ya jambo lolote. Sasa nilipojiuliza kampuni ya ambulensi nisiyoijua ilipata wapi namba yangu ya Social Security, ile namba ya utambulisho inayotolewa na serikali ya Marekani, jibu nililipata kazini kwangu. Mzee anapochukuliwa, nesi wetu huchapisha karatasi moja yenye jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anwani, bima, magonjwa na mizio, akawakabidhi wahudumu. Mgonjwa anayetoka nyumbani kwake hana karatasi hiyo. Akifika hospitali, karani wa mapokezi humtafuta kwenye kompyuta, na taarifa zinazopatikana pale ndizo kampuni ya ambulensi huziomba baadaye ili iandae bili.

Kwa hiyo bili ya mtu mwingine ikinifikia ikiwa na namba yangu, inawezekana kabisa kwamba mtu huyo alitibiwa kwa faili langu. Magonjwa yake yameandikwa kwangu. Dawa zake zimeandikwa kwangu. Na kama aliulizwa kuhusu mzio akasema hana, basi mzio wangu umefutwa. Deni ningelilipa likatoka kwenye ripoti ndani ya wiki chache, na faili la hospitali lenye watu wawili ndani yake lingebaki vilevile hadi siku nitakapofikishwa pale sijitambui.

Hapa inabidi nieleze habari ya tarehe 1 Januari, kwa wasomaji ambao hawakupitia kambini. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Vita ilipotufikia mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu. Mama anaukumbuka mwaka niliozaliwa na msimu wake, siku haijui. Wakati wa kuandikishwa, mwaka ukaandikwa, na kwenye siku na mwezi ikajazwa 1 Januari. Mume wangu ni hivyohivyo, na wadogo zangu wawili, na watu wazima wengi wa kanisani kwetu. Tarehe hiyo tulikuja nayo Marekani, ikaingia kwenye Social Security, kwenye leseni ya udereva, kwenye bima, kila mahali. Majina nayo yanafanana. Kina Furaha, Riziki, Neema na Bahati ni wengi, na jina la pili huwa la babu ambalo ukoo mzima unalo. Louisville na Lexington kuna Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, wengi wao tukiwa tumetoka kambi zilezile.

Hospitali za Marekani hutakiwa kumtambua mgonjwa kwa vitambulisho visivyopungua viwili, na mara nyingi viwili hivyo ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Mimi mwenyewe naulizwa hivyo kila nikienda, na kazini nawauliza wazee hivyo kabla ya kuwapa huduma. Utaratibu ni mzuri, na kwa watu wengi unatosha. Kwetu sisi, vyote viwili vinaweza kuwaangukia wanawake wawili wanaonunua fufu duka moja.

Nilianza na ripoti zenyewe. Kwenye annualcreditreport.com mtu anapata ripoti zake zote tatu bure, kila wiki akitaka. Deni lilikuwa kwenye mbili kati ya hizo. Nikaandika pingamizi kwa kampuni zote mbili. Sheria ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970, Fair Credit Reporting Act, inazipa siku 30 za kuchunguza, na katika hali fulani 45. Kisichoweza kuthibitishwa lazima kifutwe. Majibu yalirudi mapema kuliko nilivyotarajia, nayo yalisema deni limethibitishwa kuwa ni langu.

Ilinichukua muda kuelewa lilithibitishwa vipi. Pingamizi la mtu hupita kwenye mfumo wa kompyuta uitwao e-OSCAR. Maelezo yake hufupishwa kuwa msimbo, yakapelekwa kwa mkusanya madeni, naye hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security na yale aliyonayo. Kwangu kila kitu kilioana, kwa sababu alichokuwa nacho kilinakiliwa kutoka kwenye faili langu la hospitali. Walilinganisha taarifa zangu na taarifa zangu.

Najua watu kadhaa walioishia hapo. Walipata barua ya "imethibitishwa", wakaona serikali imeamua, wakalipa. Serikali haikuamua chochote. Ni kompyuta mbili zilizosemezana. Pingamizi hilo bado ni lazima uliandike, maana ndilo linaloifunga kampuni kisheria na ndilo utakalolionyesha ukifika mbele ya wakili. Ila kosa lililofanyika dirishani kwa karani wa mapokezi halirekebishwi na kampuni ya ripoti. Lazima ulifuate lilikotoka, hatua kwa hatua, na mtu wa kwanza njiani ni mkusanya madeni.

Sheria ya mwaka 1977 inayowasimamia wakusanya madeni, Fair Debt Collection Practices Act, inawataka wakutumie maelezo ya deni ndani ya siku 5 tangu wawasiliane nawe mara ya kwanza, nawe una siku 30 za kulikataa kwa maandishi. Ukilikataa ndani ya muda huo, wanatakiwa kusimamisha kudai hadi walithibitishe. Na tangu Novemba 2021 hawaruhusiwi kuliweka deni kwenye ripoti kimyakimya. Lazima kwanza waongee nawe au wakutumie barua na kungoja kuona kama itarudi. Walidai walituma barua. Walituma kweli, kwenye apatimenti tuliyokuwa tukikaa wakati nilipojifungua, kwa sababu ndiyo anwani iliyokuwa kwenye faili. Posta ya Marekani kwa kawaida hupeleka barua zako kwenye anwani mpya kwa miezi 12, na yetu ilikuwa imekwisha zamani.

Barua niliyowaandikia ilikuwa fupi. Niliitunga kwa Kiswahili kwanza ili nijue ninachotaka kusema, kisha nikaiandika kwa Kiingereza: "Deni hili si langu. Sijawahi kusafirishwa na ambulensi. Nitumieni bili iliyochanganuliwa, yenye tarehe ya safari, mahali alipochukuliwa mgonjwa na mahali alipopelekwa. Nitumieni saini mliyonayo. Nijibuni kwa barua, si kwa simu." Sikuweka maelezo ya huruma wala habari za nyumba tunayotaka kununua. Niliipeleka posta kama barua ya kusajiliwa, ile yenye kadi ya kijani ambayo mpokeaji huitia saini ikarudi kwako. Kadi hiyo ninayo hadi leo.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hawawezi kutoa maelezo ya safari kwa sababu ya siri za mgonjwa. Nilikaa na barua ile mezani nikaisoma tena na tena. Walikuwa wananidai kwa sababu mimi ndiye mgonjwa, na wakati huohuo wananinyima maelezo kwa sababu huenda si mimi. Nikawaandikia hivyohivyo: kama ni mimi, sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA, inanipa haki ya kuona taarifa zangu, kama si mimi, ondoeni jina langu. Nakala nikaipeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya bili ya kampuni ya ambulensi.

Bili iliyochanganuliwa ikaja. Ni karatasi moja tu, lakini ina mengi kwa anayejua kuisoma, na kwa hili kazi yangu ilinisaidia. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, msimbo A0427, yaani safari ya dharura yenye huduma ya juu, kwa mfano wahudumu wakiwa wameweka dripu au kupima moyo. Wa pili, A0425, ni maili za barabarani, kila maili kwa bei yake. Pembeni ya kila msimbo kulikuwa na herufi mbili, RH. Ya kwanza inaonyesha mgonjwa alichukuliwa wapi, ya pili alipelekwa wapi: R ni makazi, H ni hospitali. Mgonjwa alichukuliwa nyumbani kwake. Msimbo wa posta wa mahali hapo ulikuwa wa upande mwingine kabisa wa mji, ambako hatujawahi kukaa. Na tarehe ilikuwa ya usiku niliokuwa kazini.

Ofisi ya bili ilikubali kunitajia saa: saa 10 na dakika kadhaa alfajiri. Nikaenda kwa mama anayeshughulikia mishahara kazini, akanichapishia rekodi ya saa za usiku ule. Niligonga kadi kuingia saa 4:58 usiku, nikatoka saa 1:12 asubuhi. Wakati mwanamke yule anabebwa kutoka kwake, mimi nilikuwa nawageuza wazee vitandani wasipate vidonda.

Kwa karatasi hiyo peke yake pengine ningemshinda mkusanya madeni. Lakini kilichonitoa nyumbani kilikuwa faili, kwa hiyo nikaenda hospitali, idara ya kumbukumbu za wagonjwa, nikaomba nakala ya faili langu lote. Mgonjwa yeyote ana haki hiyo, na hospitali ina siku 30 za kumpatia. Walinipa bahasha nene. Kulikuwa na kujifungua kwangu, chanjo, vipimo vya ujauzito. Kisha kurasa za chumba cha dharura za ile tarehe, zikieleza ugonjwa ambao sijawahi kuugua na dawa ambazo sijawahi kunywa. Na juu kabisa ya ukurasa, kwenye mstari wa mizio, palipokuwa pameandikwa penisilini, palisomeka: hakuna mzio unaojulikana.

Nilisimama pale pale kwenye ukumbi nikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimewaza hivyo kwa wiki kadhaa, lakini kuwaza na kuliona limechapishwa si jambo moja. Nilikuwa na mimba changa wakati huo. Wanawake wajawazito hupewa penisilini mara kwa mara wakati wa uchungu, kuzuia maambukizi ya bakteria kwa mtoto.

Kila hospitali inatakiwa kuwa na afisa wa faragha, na nilimwomba yeye, si karani. Alikuwa msikivu, nimpe haki yake. Nikajaza ombi la kurekebisha faili, ambalo sheria inawapa siku 60 kulijibu, nikaambatanisha rekodi ya saa za kazi na nakala ya leseni. Walilinganisha saini. Walilinganisha picha. Baadaye wakanithibitishia kwa barua kwamba ziara ile ilikuwa ya mgonjwa mwingine mwenye jina na tarehe ya kuzaliwa kama yangu, kwamba imetolewa kwenye faili langu, na kwamba mzio wangu umerudishwa.

Somo yangu huyo hawakuniambia ni nani, na walifanya sawa. Lakini nimemfikiria sana. Mtu aliyechukuliwa alfajiri kwa ambulensi ya huduma ya juu alikuwa mgonjwa kweli. Huenda hakujua Kiingereza. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mkalimani bila malipo, ila saa 10 alfajiri, mtu akiwa na maumivu, karani akiuliza jina na tarehe tu na kompyuta ikaonyesha mtu mmoja anayefanana, ni rahisi kubonyeza na kuendelea. Yeye naye aliumia. Daktari wake aliyemwona baadaye hakuziona kurasa zile, kwa sababu zilikuwa kwangu. Na bima yake haikuulizwa kamwe. Bili ilipelekwa kwanza kwenye Medicaid yangu ya zamani, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo niliyokuwa nayo wakati wa uzazi, ikakataliwa kwa kuwa ilikwisha, ikageuka kuwa deni la kulipa mfukoni. Inawezekana yeye alikuwa na Medicaid hai siku ile, na mtoa huduma anayepokea Medicaid haruhusiwi kumdai mgonjwa kiasi kilichobaki.

Hilo lilinisumbua kuliko mambo mengine yote, kwamba nikijinasua mimi, mzigo utahamia kwa mtu ambaye pengine hana akiba ya nyumba wala mtu anayejua kumsomea herufi za pembeni ya msimbo. Kwenye barua yangu ya mwisho kwa kampuni ya ambulensi niliwaandikia kwamba mgonjwa halisi hajawahi kutumiwa bili wala kuulizwa bima, na kwamba kabla ya kumdai chochote waanze kwa kuuliza bima yake. Afisa wa faragha nilimwomba wamweleze kwa mkalimani, ana kwa ana. Aliniahidi.

Baada ya barua ya hospitali, mambo ya deni yalikwenda haraka. Kampuni ya ambulensi ililirudisha deni kutoka kwa mkusanya madeni. Mkusanya madeni alikuwa bado anajivuta, nikapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali kuu ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ambako kampuni kwa kawaida hutakiwa kujibu ndani ya siku 15. Barua ya kufuta ikaja. Afisa mikopo aliituma kwa njia ya haraka ambayo wakopeshaji wa nyumba wanayo ya kusahihisha ripoti na kuhesabu upya alama, bila kungoja mwezi uishe. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Tulipata nyingine baadaye, mbali kidogo na kazi. Barua zote nimezihifadhi, kwa sababu deni lililofutwa linaweza kurudishwa, na likirudishwa sheria inaitaka kampuni ya ripoti ikuarifu ndani ya siku 5 za kazi.

Habari iliposambaa kanisani, wapo waliosema, "Ndiyo maana sisi hatupigi 911," namba ya kuita ambulensi. Neno hilo liliniuma. Nimeona kazini mtu akipooza upande mmoja wa mwili, na nimeona dakika zilivyo na thamani. Ndugu zangu, pigeni. Bili ni karatasi, na karatasi hujibiwa kwa karatasi. Sisemi bili hizo ni za haki. Sheria iliyoanza 1 Januari 2022 ya kuwakinga wagonjwa na bili za kushtukiza, No Surprises Act, inagusa ambulensi za angani na kuziacha za barabarani, wakati hizo za barabarani ndizo watu wetu wanazopanda. Januari 2025 CFPB ilitangaza kanuni ya kuondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti za mikopo. Julai mwaka huohuo mahakama ya Texas ikaifuta kabla haijaanza kazi. Baadhi ya majimbo, kama New York, Colorado, Minnesota na Illinois, yalipitisha sheria zao. Kwa sisi wengine, deni la matibabu la kuanzia dola 500 lisilolipwa kwa mwaka mmoja bado linaweza kuingia kwenye ripoti na kukaa hadi miaka 7.

Mchungaji alinipa nafasi baada ya ibada moja nieleze haya. Niliwaambia wenye 1 Januari, na mikono ilikuwa mingi, kwamba mapokezini wasiishie kwenye jina na tarehe. Mwambie karani akusomee anwani na namba ya simu anayoiona kwenye kompyuta. Omba wapige picha yako iingie kwenye faili. Hospitali nyingi zinaweza. Omba faili liwekewe alama ya tahadhari kwamba kuna mgonjwa mwingine mwenye jina kama lako. Uliza mzio wako umeandikwaje, kila mara, hata kama uliulizwa wiki iliyopita. Na barua ya deni ikija, iwe ya dola ngapi, usilipe hata dola 10 za kuonyesha nia njema kabla hawajakuonyesha kwamba ni lako, maana katika baadhi ya majimbo malipo hayo madogo huanzisha upya muda wa kukushtaki. Mzee mmoja aliinuka akasema kwamba kwa desturi yetu mtu hakatai deni mbele za watu. Nilimjibu kwa heshima kwamba deni langu sitalikataa, naye akaniuliza kama naweza kumsaidia kuisoma barua aliyokuwa nayo kwenye koti.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama yangu kliniki ya shinikizo la damu, nikamwomba karani atusomee anwani. Alisoma mtaa ambao mama hajawahi kuukanyaga. Tumejaza ombi la marekebisho siku ileile, na tumeomba nakala ya faili lake lote tuone kuna nini kingine ndani.